Kambale wa Ndivani

Muuguzi mstaafu wa kule Chome amefariki. Habari ilinikuta hapa Same mjini, nimekaa kwa fundi viatu na mguu mmoja peku, na sifichi kwamba kitu cha kwanza nilichokumbuka si sura yake wala sindano zake, bali kambale. Ninyi wasomaji wangu wa siku zote mnajua sipendi kumgeuza kila marehemu malaika. Mama huyu alikuwa mkali, hapendi kungoja, na aliwahi kufanya kosa moja ambalo naona lina faida kuliko mema ya watu wengi.

Alipostaafu alirudi kwao mlimani, akakuta watoto waliodumaa wanakula makande na ndizi mwaka mzima. Basi akateremka tambarare, akapata vifaranga vya kambale kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, akapanda navyo kwenye ndoo na kuvimwaga ndivani. Asiyezijua ndiva zetu aelewe hivi: ni bwawa lililochimbwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji; usiku kijito kinalijaza, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanakwenda mashambani mpaka linabaki tope. Mama akawaomba wakulima wasiyamalize maji, wabakize ya samaki. Nani angemkatalia mkunga aliyewapokea watoto wake wote? Kambale wakanenepa, watoto wakala, naye akawa anatembea kwa madaha.

Vyura wakanyamaza, na hakuna aliyeuliza. Wengine walishukuru kupata usingizi. Tumekua tukiambiwa kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, tukaelewa kwamba chura ni kelele tu. Msimu uliofuata sota, wale viwavi wakata miche, wakaingia kwenye maharage na kabichi: jioni unaacha miche imesimama, asubuhi unaikuta imekatwa shina na kulala chini. Watu wakapiga dawa, wakarudia. Mama naye alipoteza miche yake kama wenzake. Kisha siku moja, akipasua kambale jikoni, akakuta tumbo limejaa viluwiluwi na vyura wachanga. Hapo ndipo alipoelewa. Vyura walikuwa wakila sota usiku, kambale wakawala vyura, na sota waliobaki bila adui wakala chakula cha mkulima.

Alilibeba bakuli lenye matumbo yale hadi kwenye mkutano wa ndiva.

"Hawa ndio waliokuwa wakilinda maharage yetu," alisema. "Mimi nimewalisha samaki wangu."

Akaomba maji yaachwe yaishe kila asubuhi kama zamani. Wakamkatalia. Walishaonja samaki, bwana. Afadhali waendelee na dawa. Akina mama wakamwambia waziwazi kwamba ni yeye aliyewafundisha mtoto anahitaji samaki, sasa mbona anataka kuwanyang'anya? Hakubishana nao. Aling'oa kahawa yake, iliyokuwa tegemeo lake la uzeeni, akachimba bwawa palepale shambani na kuwahamishia kambale humo. Watoto hawakukosa samaki, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na neno tena, na ndiva ikarudi kukauka asubuhi.

Nilimtembelea baadaye. Sota walikuwa wamepungua, na vyura walisikika. Nikampongeza, nikamwambia mambo yamerudi yalivyokuwa, na kwamba nitamwandika. Akanitazama kama alivyozoea kumtazama mgonjwa anayebishia kipimo.

"Wakubwa wa kahawia wamerudi," alisema. "Wale wadogo wa kijani waliokuwa wanashuka kutoka msituni, hapana. Ukiniandika, waandike na hao."

Nilisema pengine wamejificha tu. Alisema amewatafuta misimu yote, kijito kizima, kwa tochi. Iliniuma kumsikia akisema hivyo bila kulia wala kujitetea. Sisi tunapenda kuamini kwamba kosa likisharekebishwa limekwisha, na kwamba mwenye nia njema husamehewa hata na maji. Kila mwaka tunapandisha milimani mbegu mpya, dawa mpya, mti mpya, na swali letu ni moja tu: itatupa nini? Mama huyu alijifunza kuuliza la pili, itakula nini, na alijifunza amechelewa. Alilipa kwa kahawa yake yote, na wale vyura wa kijani amekufa hajawaona tena.