Gonga, Mwanangu

Mke mwenzangu aliniibia mwanangu kwa jozi ya glavu, na miaka kumi na tano sijamsamehe. Mimi nilimkataza mtoto kupigana, yeye akampeleka kwa kocha. Akawa mpiganaji wa kulipwa, ngumi, mateke na kabali, na kila akishinda anashika maiki: "Asante, mama mdogo." Mimi niliyemzaa ni mpita njia?

Pambano lake la kuagia mchezo nilikwenda. Akakabwa shingo, macho yakamtoka, na kugonga sakafu akubali kushindwa hataki. Mwenzangu anapayuka, "Vumilia, baba!" Nikapenya mpaka kwenye uzio wa ulingo. "Gonga, mwanangu, twende nyumbani."

Akagonga. Kwenye maiki akasema, "Leo nimemtii mama yangu." Mwenzangu akainama, eti anatafuta kiatu.