Miaka Sita ya Kulainisha Injini

Mume wangu Noriyuki ni mtu wa kupima. Kazi yake ni kutafuta mabomba yanayovuja katika idara ya maji ya mji wetu wa Mooka, na kwa miaka thelathini amekuwa akitembea mitaani na fimbo yake ya chuma, ncha moja kwenye lami, nyingine sikioni. Nyumbani hivyo hivyo. Maji ya chai anayapima. Mvua ikinyesha, anatoka na mwavuli kwenda kuandika imenyesha milimita ngapi. Nilimkubali nikijua yukoje, kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini lile gari, jamani, lilinishinda.

Ni Skyline ya mwaka tisini na tatu. Alilinunua chakavu, limeoza chini ya milango, akalipeleka kwa Mzee Kuwabara, fundi mwenye karakana ya mtu mmoja huko kwenye mabanda ya stroberi. Wenye wazimu wa mbio mkoa mzima wanamjua. Noriyuki akamwambia anataka nguvu. Mzee akamwangalia kuanzia viatu mpaka miwani, akamwuliza kama ana uhakika.

Walilijenga miaka miwili, kila Jumamosi. Walilivua likabaki ganda tupu. Silinda zikachongwa zikapanuliwa, pistoni mpya za chuma kigumu zikaja, na zote sita zikapimwa mpaka uzito ukalingana kwa gramu. Zilipimwa kwenye mzani wangu wa jikoni. Nilikuja kujua siku nilipokuta unga wangu wa kukaangia una alama ya grisi, na siku hiyo watu walikula wali mkavu. Tabo mbili ndogo za kiwandani, zile feni za kusukumia hewa kwenye injini, zikatolewa, ikafungwa moja kubwa kama sufuria. Mzee akakaa wiki tatu akisugua njia za hewa kwa mkono hadi zikang'aa. Pampu ya mafuta, klachi, giaboksi, breki, vyote vikafuata. Gari lililozaliwa na nguvu za farasi mia mbili na themanini sasa lilikuwa na mia tano na hamsini, na chenji, kama alivyosema mzee.

Kabla ya kuliwasha mara ya kwanza, Noriyuki alipita kwa majirani wa karakana na maboksi ya keki kuwaomba radhi kwa kelele zitakazokuja. Wakamwagia pombe ya mchele kila tairi, wakapiga makofi mawili ya kuomba heri, mzee akazungusha ufunguo. Likawaka papo hapo. Nakwambia, hata mimi niliyekuwa nimenuna kwa miaka miwili nilicheka peke yangu.

Sasa, injini mpya hailazimishwi. Hulainishwa kwanza, vyuma vizoeane. Kilomita elfu moja za kwanza injini isizidi mizunguko elfu tatu kwa dakika, kisha oili inamwagwa na kuchunguzwa kwa sumaku, kama kuna unga wa chuma. Elfu moja nyingine kwa mizunguko elfu nne, oili tena. Ya tatu hivyo hivyo kwa elfu tano. Baada ya hapo uko huru. Huko kwetu kila mpenda magari anaijua sheria hii na anaiheshimu. Ila mume wangu aliifanya dini.

Kilomita elfu tatu zilipoisha, akasema plagi zimebadilishwa, lazima aanze upya. Akaanza upya. Akabadilisha mkanda, akaanza upya. Akabadilisha klachi, akaanza upya, ingawa klachi na pistoni hazijuani hata kwa salamu. Miaka sita! Gari la kushindania uwanjani tukilitumia kununulia vitunguu. Siku moja kwenye mlima mkulima wa stroberi mwenye kigari cha mizigo alitupita, akainua mkono kutupa pole. Nilizama kwenye kiti. Noriyuki akampungia kwa adabu.

Na kila kilomita elfu moja, Jumamosi asubuhi, alikwenda kwa mzee kumwaga oili. Wakaisogezea sumaku, wakaitazama kwenye mwanga, wakanywa chai. Alirudi saa kumi jioni.

Januari mwaka huu Mzee Kuwabara alikuja nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuja Noriyuki akiwa kazini. Nikamkaribisha ndani, akakataa kuvua viatu, akakaa pale pale kizingitini. Akaniambia anafunga karakana mwezi wa tatu. Mashine zimeshapata mnunuzi, na yeye anahamia Hakodate, mbali kaskazini, kwa binti yake, kwa sababu magoti hayamruhusu tena kulala chini ya magari.

"Mama Chihaya," akasema, "nimejenga injini mia tatu na zaidi. Zote nimezisikia zikinguruma kwa nguvu zao zote. Ya mumeo ndiyo niliyoijenga vizuri kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo sijaisikia."

Alipoondoka nilikaa jikoni nikalia kwa hasira. Kisha nikapiga simu uwanja wa mbio ulioko milimani, nikamwandikisha mume wangu Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu. Sikumwuliza, nilimwarifu. Akasema klachi bado. Nikamwambia asipokwenda yeye nitaendesha mimi, na mimi sijui kulainisha kitu. Akaenda kupima hewa ya tairi, maana ananijua.

Siku hiyo jua lilikuwa zuri, na baridi kidogo, hewa ambayo tabo inaipenda. Mzee alikuja na koti lake la harusi, akasimama kwenye uzio. Noriyuki akavaa kofia ngumu, akaingia uwanjani. Mzunguko wa kwanza tukasema anapasha tairi joto. Wa pili tukaangaliana. Wa tatu, mwanafunzi mwenye kigari kidogo cha mjini akampita kwenye kona, na mzee akaangalia viatu vyake.

Mzunguko wa nne mume wangu akaingia sehemu ya kusimamisha magari, karibu nasi, akashusha kioo, akamwomba mzee aangalie oili.

Hapo nilichemka. Nikamwambia mbele ya kila mtu kwamba mwoga ni mwoga, aseme tu, kuliko kumtesa mzee wa watu namna hii. Kama anaogopa gari, tuliuze leo tununue baiskeli.

Alimwangalia mzee.

"Siogopi gari, Mzee," akasema. "Injini ikishalainika, sitakuwa na sababu ya kuja kwako Jumamosi."

Miaka sita nimekula naye meza moja, na sikuwa nimeliona hilo. Mtu anayesikia tone la maji chini ya lami, kumbe hakujua jinsi ya kumwambia mtu kwamba anapenda kukaa naye.

Mzee Kuwabara alikohoa, akafuta kioo cha mbele kwa mkono wa koti lake zuri, ingawa hakikuwa na kitu.

"Nori," akasema, "we mjinga kweli. Mtu halazimiki kuja kunywa chai kwangu na oili chafu mkononi kama kiingilio. Hata Hakodate kuna chai. Sasa niondolee hili gari hapa, na ukirudi kabla sijalisikia sikufungulii mlango."

Noriyuki akapandisha kioo.

Alipotoka kwenye kona ya mwisho, nilisikia kwanza filimbi ya tabo ikipanda, kisha sauti ya injini yenyewe ikaja, nene, ikapanda, ikazidi kupanda, nikadhani imefika mwisho na bado ikapanda. Ilipita mbele yetu na uzio ukatetemeka mikononi mwangu. Mzee alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu: elfu sita, elfu saba, elfu nane. Machozi yanamtiririka na anacheka. Mzunguko uliofuata Noriyuki akampita yule mwanafunzi kama vile amesimama. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Akazunguka tena na tena, nikahesabu mara kumi na mbili.

Mara ya kumi na tatu hakutokea.

Tukasubiri. Uwanja ukawa kimya upande wa mbali. Mzee akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilijua anachokifikiria, kwamba injini yake bora kuliko zote imepasuka na hana tena karakana ya kuijengea. Mimi nilikuwa nafikiria nimemlazimisha mume wangu, na yaliyompata ni juu yangu.

Kisha gari la kuvuta likajitokeza taratibu, na nyuma yake gari letu la kijivu limefungwa kamba. Noriyuki akashuka, akavua kofia. Nywele zilimsimama, miwani imekaa upande.

"Imevunjika nini?" mzee akauliza.

"Hakuna," akasema. "Mafuta yameisha. Sikuangalia mshale."

Mzee akakaa chini kwenye lami na koti lake la harusi, akacheka hadi akashika mbavu. Mimi nikamkumbatia mume wangu pale pale mbele za watu, kitu ambacho kwetu hakifanywi, na shati lake lilikuwa limelowa jasho.