Bingwa wa snuka mlangoni mwa upasuaji

Juzi, katika hospitali moja ya Lubumbashi, niliketi karibu na ndugu wawili waliokuwa wakimngoja baba yao atoke kwenye upasuaji. Mkubwa alikumbatia viatu vya mzee. Walibishana kwa sauti kuhusu nani ni bingwa wa snuka kuliko wote, ule mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo.

"Wa zamani, mukono yake haikukuwa inatetemeka!" mkubwa alisema.

"Wa leo anamaliza meza na wa zamani angali anapaka chaki ku fimbo, yaya!" mdogo akamjibu kaka yake.

Mlango ukafunguka. Daktari akavua barakoa polepole. Mdogo akashika shati la kaka yake, akanong'ona, "Yaya, wako ndiye mukubwa. Nimekubali."

"Papa iko muzima," daktari akasema.

Wakalia wote wawili. Msomaji, mwenye hofu humtolea Mungu chochote alicho nacho. Mdogo yule alikuwa na bingwa wake tu.