Kengele Mara Tatu

Avgusta alizaliwa, akaolewa na kufiwa na mume katika chumba kilekile cha nyumba ya serikali, Leningrad. Familia saba, choo kimoja, jiko moja. Shuleni alivaa kitambaa chekundu shingoni akafundishwa kuwa mali ni ya wote. Jikoni akafundishwa kuwa kila mtu ana pleti yake moja ya kupikia kwenye stovu, na ya mwenzake haiguswi. Hata kengele ya mlangoni iligawanywa. Ikilia mara moja, mgeni ni wa jirani yake Rufina. Mara tatu, wa Avgusta. Isiyo yako hufungui, la sivyo utaitwa mmbeya.

Avgusta na Rufina walikuwa paka na panya. Rufina alifunga sufuria yake kwa kufuli.

"Humu mna panya wa miguu miwili," alisema, kila mtu asikie. "Anakula chumvi yangu."

"Supu yako hiyo, mama, hata panya haitaki!"

Miaka ikapita hivyo. Kisha dola ikaanguka, mji ukabadilishwa jina, na tajiri mmoja wa mtindo mpya akaitaka nyumba nzima. Kila familia ikapewa flati yake pembezoni mwa mji. Jiko la peke yake Avgusta alikuwa akiliota tangu usichana.

"Namshukuru Mungu, sura yako siioni tena," alimwambia Rufina siku ya kuhama.

"Na chumvi yangu itapona."

Flati ilikuwa kimya. Avgusta alitamani mtu, hata wa kugombana naye, ila kukiri hilo aliona aibu. Kengele ilipolia mara moja, alibaki kitini. Si yangu. Kesho yake ikalia tena. Si yangu.

Mwishowe mleta pensheni akapiga mlango kwa ngumi. "Bibi! Umekufa humo?"

Maskini Avgusta, alitahayari! Tangu hapo akawa anafungulia kila mlio: fundi bomba, wahubiri, wachuuzi. Hakuna aliyemjia yeye.

Jumapili moja ikalia mara tatu. Alikimbia na kiatu kimoja.

Alikuwa Rufina, na sufuria isiyo na kufuli.

"Chumvi imeniishia," alisema. "Na mwizi wangu kahamia huku."

"Ingia basi, baridi hiyo!"

Rufina akalitazama jiko. Pleti tatu ziling'aa kama za dukani. Moja tu, ya nyuma kushoto, ilikuwa na masizi.

"Wee Gusta! Bado unapikia ya kwako tu?"

Avgusta akamsogezea kiberiti.

"Ya mbele ni yako," akasema. "Washa."