Rehema alivyomwalika mdogo wangu amwimbie harusini

Jamani, leo nimeona mtu anachinjwa ukumbini huku watu wanapiga makofi.

Mnaujua ule wimbo wa mapenzi wa kwenye filamu ya zamani, ambao hapa Igunga harusi haiishi bila kupigwa.

Mdogo wangu Deo, mwanakwaya, alimwimbia Rehema wimbo huo kipindi chote cha uchumba wao. Kisha Rehema akapata mwingine.

Juzi akampigia simu: "Deo, niimbie ule wimbo siku ya harusi yangu. Hakuna anayeuweza kama wewe."

Nilimkataza Deo. Akanijibu, "Dada, ameniomba kwa heshima."

Basi leo akaimba.

Shangazi wa bwana harusi alilia. Hata mimi, niliyekwenda na hasira zangu, nililia.

Rehema akachukua kipaza sauti.

"Mnamwona huyu? Alinichumbia kwa wimbo huu. Wimbo niliupenda sana. Yeye nilikuwa namvumilia tu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Deo naye akacheka, maskini. MC akamwambia, "Kaka, nenda kakae, tunakata keki."

Sasa hivi Rehema ameweka video ya wimbo huo kwenye status. Ameikata kabla hajaanza kuongea. Amebaki Deo anaimba, na chini kaandika: "Wimbo wangu milele."

Deo yupo hapa sebuleni. Anairudia na kuirudia, halafu ananiuliza kama pale pa sauti ya juu alipafikia vizuri.

Alipafikia vizuri mno.

Ninyi mngemjibu nini?