Winga Amestaafu

Kaka yangu watu walimwita Kaseti, na jina lilimkaa. Alianza kama fundi wa redio na televisheni, mtu wa bisibisi mdomoni na waya shingoni, mpaka siku mteja mmoja alipomletea kidude cheusi chenye nyaya mbili akasema kimekufa. Kaka alikifungua, akapuliza vumbi, akakiunganisha na televisheni ya mteja mwingine ili akijaribu. Kwenye kioo kikatokea kijimtu kifupi kinachoruka mashimo. Jioni ile redio za watu zilibaki mezani zimepasuliwa matumbo, na fundi mwenyewe yuko chini kwenye mkeka anaruka mashimo. Mwenye kidude alipokuja kukichukua aliambiwa bado kinahitaji uangalizi. Kilikuwa kizima kuliko fundi.

Muda si muda redio zikahamishwa, mabenchi yakaingia. Ukuta wa saluni yangu na wa chumba chake ni mmoja, kwa hiyo historia ya gemu mimi niliisoma kwa masikio. Kwanza zilikuwa kaseti, zile za kupulizwa kabla ya kuchomekwa, na mlio wake ulikuwa vifilimbi vya kuudhi ambavyo vilinifanya nisuke kwa mdundo bila kupenda. Halafu zikaja mashine za diski, na diski zikaja na uwanja mzima wa mpira ukutani kwangu. Vijana wakajua miji ya mbali kwa majina ya timu kabla hawajajua mito ya nchi yao. Wawili waliogombana barabarani waliingia ndani, wakashika pedi, yaani vile vidude vya vitufe, wakatoka wameshamalizana. Mzazi aliyepotelewa na mwana hakwenda polisi, alikwenda kwa Kaseti, na kandambili mkononi.

Sheria ya chumba ilikuwa moja: mechi ikiisha, hifadhi. Umeme wetu ulikuwa na tabia ya kuondoka bila kuaga, na kaka alishaona mwanamume mzima akilia kwa kupoteza ubingwa. Memori kadi ya kuhifadhia ilikuwa ndogo kama biskuti, haibebi ligi mbili, hivyo ukihifadhi ya leo, ya jana imekwenda. Kaka aliirudia sheria ile kutwa nzima, mpaka mikono ya watu ikawa inahifadhi yenyewe, macho yakiwa mlangoni.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Mtoto alizaliwa na selimundu. Akikimbia kidogo, akinyeshewa, akisahau kunywa maji, maumivu yanaingia kwenye mifupa na sisi tunaingia hospitalini. Mama yake, wifi yangu, alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa uani mahali ambapo angeona kila kona. Neno alilolisema kuliko yote maishani mwake ni "usikimbie". Alilisema hata mtoto akiwa amelala.

Basi mtoto akahamia kwenye gemu. Wifi hakupenda hata chembe. "Binti katikati ya wahuni," alisema. Kaka akamjibu, "Si amekaa? Ulitaka akae, amekaa." Wifi akanyamaza, na kunyamaza kwa wifi ni kufunga mlango na kutupa ufunguo. Tangu siku hiyo hakukanyaga chumba kile. Chai ya mumewe ilipitia saluni kwangu, nami nikawa tarishi asiye na mshahara.

Mtoto alicheza vizuri kuliko wahuni wote. Ndipo siku moja akagundua kwamba ndani ya ligi mashine inakuruhusu kuunda mchezaji wako. Wanawake haikuwa nao, upende usipende, kwa hiyo akaandika WINGA, akamwekea nywele fupi, lakini uso akasema lazima uwe wake. Alikuja saluni kuazima kioo. Akawa anajitazama, anakwenda kule, anarudi.

"Shangazi, pua yangu ni pana au ya kawaida?"

"Hiyo ni pua ya baba yako. Weka pana, uache kujidanganya."

Alihangaika na macho, paji la uso, masikio, hata namna mabega yalivyoinama. Akamfanya wa mguu wa kushoto kama yeye. Akampa kasi yote ambayo mashine ilikubali kutoa. Katika orodha ya namna za kushangilia bao alichagua kusimama tuli, mikono kiunoni, na kaka akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu alikuwa ni wifi kabisa akisubiri kuelezwa nani kavunja kikombe. Umri aliandika kumi na saba, kwa vile ndio aliokuwa nao. Toka hapo hata sisi nyumbani tukamwita Winga, isipokuwa mama yake.

Hakumaliza shule. Alilazwa kama alivyokuwa akilazwa, tukabeba chupa ya chai kama tulivyokuwa tukibeba, na safari hii hakurudi. Zaidi ya hapo sielezi. Nilikuwapo, na inanitosha.

Picha zake tunazo, za shule na za kitambulisho, na zote amesimama au amekaa. Video hakuna, maana simu zetu enzi hizo zilikuwa za tochi. Hata zingekuwapo, zingemwonyesha amekaa. Mahali pekee ambapo mtoto yule aliwahi kukimbia palikuwa ndani ya televisheni ya baba yake.

Matanga yalipokwisha kaka akafungua chumba, na hapo ukazaliwa utaratibu ambao hakuna aliyeutangaza. Mechi ya kwanza ya siku ilikuwa ya Winga. Kaka aliwasha, akacheza peke yake, wateja wakasubiri mlangoni bila kusemeshana, hata wale wenye midomo. Mimi nasikia ukutani uwanja unapiga kelele, najua amefunga. Kisha kaka anahifadhi, anafungua mlango wote, siku inaanza. Mechi moja tu kwa siku. Msimu mmoja wa Winga uliburuta miezi yetu mingi, na kwa mwendo ule angetuzika sisi sote.

Lakini zikaja simu. Kwanza kijana mmoja alikaa benchi akisubiri zamu, huku anacheza kwenye simu yake. Kaka akamtania, "Umekuja hotelini na chakula chako?" Wakacheka. Mwaka uliofuata wenye simu walikuwa benchi zima, na uliofuata benchi likawa tupu, kwa kuwa mtu hana sababu ya kutoka kitandani kwake kwenda kukaa kwenye ubao wa Kaseti. Waliokulia mle wakawa wanapita nje wameinamia viganja vyao, wanasalimia bila kuinua uso. Ningewachapa. Kaka alisema waache, dunia ni mzunguko, hata redio zilikufa hivyohivyo.

Chumba kitupu, mashine nzima, na siku ndefu. Kaka akaanza kucheza mechi mbili za Winga asubuhi. Kisha tatu. Mwishowe akawa anacheza kutwa. Ukuta wangu ukashangilia tangu nafungua mpaka nafunga, nami mjinga nikafurahi, nikasema afadhali anajiliwaza. Misimu iliyokuwa inatembea ikaanza kukimbia.

Baada ya muda akaanza kulalamika kwamba pedi imelegea. Winga anachelewa kufika kwenye mpira. Winga anapitwa na mabeki ambao zamani aliwaacha wamekaa chini. Kaka akaifungua pedi, akasafisha raba za ndani kwa spiriti, akabadilisha waya. Akanunua nyingine. Akafungua mashine yenyewe, akafuta jicho linalosoma diski. Fundi ni fundi, kitu kikienda polepole anatafuta bisibisi. Mteja wake wa zamani, kondakta, alipita kusalimia akamtazama akicheza. Akamwambia kwa adabu, "Mzee, si pedi. Tazama umri wake."

"Umri wa nini? Huyu tulimuunda wenyewe."

"Humu wanazeeka wote, mzee. Wa kuundwa na wasioundwa."

Kaka alimfukuza. Kijana wa watu alikuja na maembe, akafukuzwa na maembe yake.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa msimu. Kaka alikuja saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo changu. Nikamuuliza kama anataka kusukwa. Akaniambia kwamba mashine ilileta maneno kwenye kioo cha televisheni: WINGA AMESTAAFU. Wakati anayasoma, kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Mechi ikiisha, hifadhi. Angechomoa waya ukutani badala ya kuhifadhi, msimu wa jana ungekuwapo bado na mtoto ndani yake. Aliyajua hayo kuliko mtu yeyote mtaani. Kidole hakikumsubiri.

"Unda mwingine," nilimwambia.

"Nimejaribu tangu asubuhi. Anatoka mtu mwingine."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kaka kwa kumcheza mtoto mpaka akaisha, nikawakasirikia na hao watengeneza gemu waliokaa ofisini kwao huko wakaona ni jambo zuri picha nayo izeeke. Nani aliwaomba? Watu tunazeeka bure bila mashine, tena wengine hawapewi hata nafasi hiyo. Sikumwambia lolote kati ya hayo. Nilimtengenezea chai, ya kwangu mwenyewe safari hii, akaiacha ikapoa.

Haikupita wiki, wifi alikuwa kwenye kiti kilekile, nimemsuka nusu ya kichwa. Aliingia dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, akaomba zamu, na kwa kungoja akaanza maongezi. Alisema zamani alikuwa anajificha chumba cha pili kucheza gemu, yeye na marehemu tu ndio wasichana. "Yule mtoto alijiunda mwenyewe mle," akasema, wala hakujua anayesukwa ni nani. "Uso wake kabisa. Halafu anakimbia, jamani. Upande wa kushoto, anakimbia mpaka unasahau kama alikuwa mgonjwa."

Wifi akatazama mapaja yake, kisha akasimama, upande mmoja mistari na upande mwingine nywele zimesimama.

"Wifi, ngoja nimalize kichwa."

"Kichwa hakikimbii," alisema, akatoka.

Nikamfuata na chanuo mkononi. Ni hatua chache, mlango kwa mlango, na yeye hakuwahi kuzipiga. Kaka alikuwa benchini mbele ya televisheni iliyozimwa. Alipomwona mkewe mlangoni alisimama kama mwanafunzi.

"Nionyeshe mtoto akikimbia," wifi alisema.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Nionyeshe."

Kaka alinitazama mimi. Akawasha, ligi ikafunguka, timu ikajipanga. Upande wa kushoto alisimama kijana wa nywele za njano ambaye hata mimi sikuwahi kumwona.

"Huyu nani?"

"Mwingine."

"Mtoto yuko wapi?"

"Amestaafu."

Wifi aliligeuza neno hilo kimoyomoyo, nikaona midomo ikicheza. "Mtoto wa shule anastaafuje?"

"Humu wanazeeka," kaka alisema. "Alifika miaka thelathini na sita."

Hapo ndipo wifi alipokaa. Alikaa kwenye ubao ambao mwanawe aliukalia, mikono mapajani.

"Thelathini na sita," alisema. "Aliumwa?"

"Hapana. Aliteguka mguu mara moja, akarudi."

"Mifupa?"

"Hakuumwa mifupa hata siku moja."

"Alikuwa anakimbia mpaka mwisho wa mchezo?"

"Mpaka mwisho. Hii misimu ya mwisho ndiyo nilikuwa namtoa kipindi cha pili. Alikuwa amechoka, na mimi nikadhani pedi."

Wifi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za mwanawe aliye mbali, habari njema kwa jumla. Aliuliza kama walimheshimu. Kaka akasema alikuwa nahodha. Aliuliza kama alipewa kikombe, kaka akasema vikombe. Kisha akauliza wamecheza lini yote hayo, na kaka akasema asubuhi, baadaye kutwa nzima.

"Kutwa nzima," wifi alisema. "Mtoto amekimbia mpaka amezeeka, hapa, na mimi nipo uani na cherehani."

Kaka alisema anaweza kujaribu tena kumuunda, akiwa na picha nzuri, akiwa na muda. Wifi akamwambia asithubutu. Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akapita mbele yangu, akarudi saluni, akakaa kwenye kiti.

"Malizia," aliniambia.

Dada mwenye mtoto alishaondoka. Nilichana upande uliobaki, nikagawa nywele, nikaanza kusuka, na ukutani hakukuwa na sauti yoyote. Wifi alilia muda wote, ameinamisha kichwa vilevile nilivyomwekea, bila kutikisika, ili nisikosee mistari.