Vipunje Viwili vya Ufizi

Mimi kitu cha kunishangaza hakipo. Darasa la nne nililiacha njiani, nikaanza na tenga moja la nyanya pale Ilula, leo nina malori mawili na vizimba soko la Mwanjelwa, Mbeya, na hakuna msomi aliyenishika mkono. Nimeshaona lori likilala ubavu na mzigo wangu wote, nikakaa chini nikala ndizi. Kwa hiyo binti yangu alipotoka Mbeya kuja nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi inavyotaka, nililala usingizi wangu.

Akazaa mtoto wa kike. Nikamwambia mke wangu ajiandae, mke mdogo kaingia. Akanijibu, "Mchukue. Ila huyu hakupikii, na nguo utamfulia wewe." Jioni nilimpakata mjukuu kwenye kiti changu, kile ambacho mtu mwingine hakalii.

Alipopiga mwayo ndipo nikaona: vipunje viwili vyeupe kwenye ufizi, kama chenga za mchele. Binti akasema nesi wa kliniki alishaviona, ni vya kawaida, watoto wengi huzaliwa navyo, vitapotea vyenyewe. Baadaye mtoto akapata homa, akaharisha, ziwa akawa analikataa. Majirani waliokuja kumwona walisema neno moja tu: meno ya plastiki. Huku kwetu kila mtu anayajua. Yasipong'olewa, wanasema, yanaondoka na mtoto.

Binti alitaka turudi kliniki. Nikamwambia nyanya yenye doa huiachi kwenye tenga ukingoje doa lipotee. Unaitoa, zilizobaki zinapona. Hiyo ndiyo kazi iliyonijenga, sikufundishwa na mtu.

"Baba, nesi amesema visiguswe."

"Nesi analipwa na serikali. Mtoto apone asipone, mshahara wake uko palepale."

Alimfunga mtoto vizuri na kitenge, akamkabidhi mama yake, yeye akakataa kupanda gari.

Mama anayeng'oa anakaa nyuma ya soko. Mtu wa kanisani, alianza kwa sala. Akataka elfu kumi. Nikaongeza tano, maana mimi sijazoea kuhudumiwa kwa bei ya kila mtu. Akatoa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mke wangu alishika kichwa, mimi nikashika miguu; yote miwili ilienea kwenye kiganja changu kimoja. Alivyomaliza akanionyesha vitu viwili laini, vyeupe, kama mbegu changa ya nyanya. Nikamwambia mke wangu, umeona, na wasomi wanabisha.

Kesho yake mdomo ulivimba, hata tone la maziwa halikupita. Niliendesha mwenyewe hadi hospitali Iringa, safari hii binti akapanda, kampakata mtoto. Daktari, kijana mdogo kuliko binti yangu, alitazama mdomoni akauliza nani kafanya hivi. Nikamwambia atibu tu, bei yoyote nalipa. Akasema watoto wa umri huu hawalipiwi. Ndipo akatueleza polepole: vile vipunje havikuwa meno wala ugonjwa. Homa ilikuwa na dawa yake. Walipochimba ndipo uchafu ulipoingia kwenye damu, na vile vitu laini vilikuwa meno yake ya kweli, machanga, yanangoja wakati wake.

Mtoto alikufa asubuhi iliyofuata, binti akiwa bado anamkamulia maziwa kwenye kikombe.

Seremala wa jirani hakupokea hela yangu. Alisema jeneza la hivyo huwa haliuzi. Kaburi walichimba vijana wa kanisani, nao wakakataa hata ya soda.

Binti alirudi kwa mumewe Mbeya. Nikipeleka mzigo Mwanjelwa anakuja kunisalimia, anapiga goti kama nilivyomlea, anauliza hali ya mama yake. Halafu anabaki amesimama, anaangalia vijana wangu wakichambua nyanya zenye madoa wanazitupa pembeni. Kisha anaondoka.

Mimi kila kitu changu nakijua kwa bei yake. Hospitali sikulipa, jeneza sikulipa, kaburi sikulipa. Ile tano ya juu hakuna aliyeniomba. Jumla, shilingi elfu kumi na tano.